Kigoma Ilishatoa Ushahidi: Jibu kwa Wanaowapinga Watafiti Vijana wa Afya ya Uzazi

Hoja mmezisikia. Zinasemwa kwenye vikao vya halmashauri, kwenye semina, na katika ofisi ambako kijana ameketi na barua ya utambulisho mkononi akingoja mhuri. Zinasema kwamba hawa watafiti chipukizi wa afya ya uzazi wanaokuja Tabora, Nzega, Urambo na Kaliua wanauliza yasiyoulizwa, hawana uzoefu, wanaona mambo kwa jicho la upande mmoja, wanatumikia pesa za wageni, na zaidi ya yote wanahangaikia tatizo ambalo takwimu zimeshaonyesha kuwa limekwisha. Nimezisikiliza kwa makini, kwa sababu wengi wanaozitoa ni watu wenye akili zao, na wapo waliozeekea kwenye wodi za wazazi. Nawaomba wasomaji mkae kama mahakimu. Kila hoja nitaileta kama wenyewe wanavyoieleza, ndipo tuipime.

Nianze na mila, maana ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa. Kwa haki yake, hoja ni hii: mambo ya unyumba yana watu wake na wakati wake. Binti hufundwa na shangazi au bibi. Kijana wa miaka 26 anayemwuliza mama wa watoto saba habari za chumbani kwake anamvunjia heshima, na mama huyo, kwa ustaarabu, atampa jibu la kumwondoa tu. Sehemu hiyo ya mwisho ni kweli tupu. Swali lililoulizwa vibaya huzaa jibu la uongo, na madodoso mengi yamejaa majibu ya namna hiyo. Lakini tazameni hoja inatupeleka wapi. Kama kuuliza kunahitaji adabu, basi anatakiwa mtu anayejua, kwa Wanyamwezi na kwa Wasukuma, nani huamkiwa kwanza, mama gani huitwa kwa jina la mwanawe, na ni lini wanaume huondoka uani ili wanawake waseme yao. Mtu huyo ni binti wa Nzega aliyesomea ukunga. Timu ya wageni watatu na mkalimani mmoja haiwezi kumshinda katika hilo. Hoja ya mila ikifuatwa hadi mwisho wake inadai watafiti vijana wa hapa waongezwe.

Tena tuulizane: siri hiyo ya mwili ililindwa lini? Kwa miaka mingi wasichana wa shule nchini walipimwa mimba shuleni, na waliokutwa nayo walifukuzwa. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuolewa. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi shuleni, na msimamo huo ulikaa hadi Novemba 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Katika miaka yote hiyo tumbo la binti lilikaguliwa bila yeye kuombwa ridhaa, na habari zake zikawa habari za kijiji kizima. Wanaoishika leo hoja ya faragha watuonyeshe walipoitumia wakati ule. Mtafiti anayeomba ridhaa, anayekaa faraghani, asiyeandika jina, anazuiwa kwa kanuni ambayo haikumzuia aliyekuja kumfukuza.

Hapa pana mgongano mwingine, na ningependa mahakimu wausimamie kwa muda. Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamthibitishia Gyumi ushindi. Jambo hili si la mbali na Tabora. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, asilimia 58 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Kitaifa ilikuwa asilimia 37, na ni Shinyanga peke yake iliyoizidi Tabora, kwa nukta moja. Sasa mtafiti chipukizi anataka kujua ndoa hizo zinaamuliwaje. Taratibu za maadili ya utafiti kwa kawaida zinamtaka apate kwanza ridhaa ya mzazi wa kila msichana aliye chini ya miaka 18. Nia ya kanuni hiyo ni njema; imewekwa kumlinda mtoto. Katika jambo hili inafanya kinyume. Baba aliyepokea ng'ombe wa mahari ndiye anayekwenda kuombwa ruhusa ili binti aulizwe kama alitaka kuolewa. Msichana huyo ameonekana mkubwa wa kutosha kuwa mke na mdogo mno kueleza alivyokuwa mke. Anayesema vijana hawa hawaheshimu mipaka asome kwanza mipaka yenyewe. Kamati za maadili zinaweza kulitafutia njia, na watafiti wanaoziomba zifanye hivyo wanastahili kusikilizwa badala ya kuitwa wachokozi.

Hoja ya pili ni ya uzoefu. Inasema: afya ya uzazi ni uwanja mgumu, wenye vifo na kesi, kijana akae kwanza chini ya profesa, apate shahada ya uzamivu, kisha aje na maswali yake. Ni hoja ya watu makini na nina heshima nayo. Inavunjwa na kitu kimoja tu, ushahidi, na ushahidi huo uko mwisho wa njia hii hii ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikaishia Ujiji.

Katikati ya miaka ya 1980 wajawazito walikuwa wakifa kwa wingi wa kutisha katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma. Daktari Godfrey Mbaruku, aliyekuwa akifanya kazi humo, hakungoja uzamivu. Huo alikuja kuupata miaka mingi baadaye. Alirudi kwenye majalada ya vifo vya 1984 hadi 1986 akauliza kila mama alikufa kwa nini na ni kitu gani kingemwokoa. Kutokana na majibu hayo hospitali ikaandaa mambo 22 ya kurekebisha. Nayataja baadhi kwa sababu hapo ndipo nguvu ya ushahidi ilipo: vikao vya mara kwa mara vya kupitia kila kifo, damu ya kuongezea wagonjwa, utaratibu unaojulikana wa kumhudumia mgonjwa na wa kumpa rufaa aliyezidiwa, matengenezo ya vifaa kwa ratiba, mafunzo kazini, kitengo kidogo cha kutengeneza maji ya dripu palepale, malalamiko ya wananchi kusikilizwa, kuchangisha fedha hapohapo mkoani, na hata umbali kati ya nyumba za watumishi muhimu na hospitali. Makala aliyoichapisha pamoja na Staffan Bergström wa Sweden mwaka 1995 inaeleza kilichofuata. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya wazazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Mwenye kupinga ana haki ya kusema hiyo ni hospitali moja, na kwamba hesabu ya hospitali haielezi waliofia nyumbani. Ni kweli, na takwimu hiyo isitumiwe kusema zaidi ya inavyosema. Lakini inatosha kwa shauri lililo mbele yetu. Tumeambiwa mtu asiye na uzamivu hawezi kuuliza swali zito la uzazi pembeni mwa nchi akapata jibu la maana. Aliuliza, akapata, na wanawake wakapona. Tena swali lile la umbali wa nyumba ya mtumishi lisingemjia mtu ambaye hajawahi kumngoja mtaalamu usiku huku mama akitokwa damu.

Hoja ya uzoefu ina ufa mwingine, na wanaoitoa wanaujua. Ni nani anayekusanya data za tafiti kubwa zinazosifiwa? Ni vijana haohao. Wao ndio wanaopanda bodaboda kutoka Sikonge kwenda vijiji vya ndani, wao ndio wanaotafsiri swali kwa Kinyamwezi papo hapo likishindwa kueleweka, wao ndio wanaoamua kama ukimya wa mama ni aibu, hofu au hapana. Makala ikichapishwa wanakuta wameshukuriwa kwa pamoja mwishoni, bila majina. Wapagazi wa Kinyamwezi wa misafara ile ya zamani walifanyiwa hivyohivyo. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, alionyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ustadi, taratibu na viongozi wao, lakini safari zilibaki na majina ya waliobebewa mizigo. Mtu anayeaminiwa kupokea jibu la siri kutoka kinywani mwa mama, kisha akaambiwa hana uzoefu wa kulielewa jibu hilo, ameonewa. Uzoefu anao tayari. Anachonyimwa ni haki ya kuandika.

Hoja ya tatu inasema mwenyeji ana upendeleo. Anawajua wahusika, ana ndugu kijijini, ana chama na dini yake. Mgeni huja na macho safi. Basi tuyatazame macho safi. Richard Burton alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 alieleza mwanamke wa Unyamwezi anavyojifungua: uchungu ukikaribia huenda porini, na baada ya saa chache hurudi na mtoto mgongoni, pengine na mzigo wa kuni kichwani. Msomaji wa London angetoka hapo akiamini kwamba kuzaa huku si kazi. Ukiyasoma maelezo hayo kwa utulivu unaona kilichokosekana. Wanawake walioingia porini na hawakurudi hawamo, wala waliorudi bila mtoto. Hakuna mkunga aliyeulizwa. Maelezo hayo yana upendeleo mkubwa kuliko wa mwenyeji yeyote, kwa sababu mwandishi aliondoka na hakulazimika kukutana tena na aliyemwandika. Mwenyeji akikosea, bibi yake atamsahihisha sokoni.

Simtetei mtu kwa damu yake. Adrien Atiman alizaliwa pande za mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mgeni kwa kuzaliwa, na miaka 67 ikamfanya ajue. Mbaruku naye alichapisha na Msweden, na ushirikiano huo haukumpunguzia kitu. Kinachompa mtafiti uzito ni kukaa, na kuwa chini ya macho ya wale anaowaandika. Wengi wenye nafasi hiyo leo katika mikoa ya magharibi ni vijana walioajiriwa kwenye vituo vya afya.

Nimeiweka hoja ya nne karibu na ya tatu kwa makusudi. Inasema utafiti wa afya ya uzazi ni ajenda ya wafadhili, na vijana hawa ni midomo ya kukodi. Wapimaji wa haki, ziwekeni hizo mbili pamoja: mgeni ndiye mwenye macho safi, na cha mgeni ni ajenda ya hila. Haziwezi kusimama zote, na bado mara nyingi hutoka katika kinywa kimoja, katika kikao kimoja. Mwenye kinywa hicho achague.

Hata ikisimama peke yake, hoja ya ajenda ni dhaifu. Pesa za wageni zilikuwepo, hilo halina ubishi. Tafiti zetu kubwa za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, tangu ile ya 1991 na 1992, ziliegemea sana fedha za Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Februari mpango wa kimataifa uliokuwa ukiendesha tafiti hizo ukakatizwa. Kama ajenda ilikuwa ya mfadhili, ingeondoka naye. Hakuna mama wa Igunga aliyeacha kutokwa damu kwa sababu shirika la misaada la Marekani, USAID, limefunga mlango. Na mijadala yenyewe tumeiendesha sisi. Rais wetu wa wakati ule ndiye aliyesema mwaka 2017 nani asirudi shuleni. Ndiye aliyesema Meatu, Septemba 2018, kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu, na mwezi uleule Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango. Mahakama yetu ndiyo iliyoamua umri wa ndoa mwaka 2019. Nchi inayobishana hivi juu ya mimba, ndoa na idadi ya watoto ina ajenda yake yenyewe ya afya ya uzazi. Inachokosa ni fedha zake za kuitafiti, ingawa nchi za Umoja wa Afrika ziliahidiana zamani kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Anayelalamikia pesa za wageni na asidai hiyo asilimia moja anataka tu swali lisiulizwe.

Kuna wanaosema: acheni utafiti, nunueni glovu. Hili halihitaji maneno mengi. Kigoma ilijua inunue nini na ipange nini kwa sababu mtu alifungua majalada. Na mwaka 2009 utafiti mwingine alioshiriki Mbaruku, uliofanyika katika hospitali za wilaya za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulipima upasuaji wa uzazi unaofanywa na madaktari wasaidizi, na haukukuta tofauti ya maana kati ya kazi yao na ya madaktari wenye shahada. Hesabuni wenyewe thamani ya jibu hilo kwa wilaya isiyokuwa na daktari bingwa.

Nakiri hoja moja ina mashiko: kwamba tasnifu nyingi za shahada za uzamili zinarudia swali lilelile la "kiwango cha uelewa" wa uzazi wa mpango, kwa dodoso lililonakiliwa, na kuishia kwenye rafu. Ni kweli, na inauma. Lakini tuangalie mazingira. Mwanafunzi anajilipia mara nyingi, ana miezi michache, na kabla ya kumhoji mtu wa kwanza anapitia chuo chake, kamati ya maadili, Katibu Tawala wa Mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya na mtendaji wa kata. Swali jipya huzua maswali katika kila ofisi kati ya hizo. Swali la zamani hupita. Kisha ofisi zilezile zinamlaumu kwa kuuliza la zamani. Anayetaka tasnifu bora aanze kwa kumruhusu mkunga wa hospitali ya Kitete au Nkinga, au mwanafunzi wa chuo cha Bugando aliyetumwa huku, asome vitabu vya wodi ya wazazi vya miaka iliyopita kwa kibali kimoja, na matokeo yake yasomwe kwanza hapohapo wodini.

Inabaki hoja inayopendwa kuliko zote siku hizi, kwamba kazi imekwisha. Inasema vifo vya wazazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 katika ule wa 2022, na kwamba wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba wamepungua kutoka asilimia 27 hadi 22. Takwimu ni sahihi, na wakunga wa nchi hii wanastahili heshima kwa kila maisha yaliyomo ndani yake. Lakini anayezitaja azitaje zote. Utafiti wa 2004 na 2005 ulitoa 578, wa 2010 ukatoa 454, uliofuata ukapanda hadi 556, kisha 104. Zote zimetoka katika utaratibu mmoja wa kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki. Huwezi kuikumbatia ya mwisho na kuinyamazia ile iliyopanda. Mstari unaoruka hivyo unamwita mtafiti aje: nini kilibadilika, wapi, na ni kiasi gani cha mruko huo kinatokana na kipimo chenyewe? Katika kipindi hichohicho wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa asilimia 32, wakawa 31. Vifo vimeporomoka na njia hizo hazikusogea. Nani ameeleza kwa nini, kwa wilaya moja tu ya Tabora?

Na wastani wa taifa uliwahi kuificha Tabora. Katika utafiti wa 2015 na 2016, nchi iliposema asilimia 27 ya wasichana walio chini ya miaka 20 wamewahi kupata mimba, Tabora ilikuwa asilimia 43, ya pili baada ya Katavi. Kwa muda fulani hata kuhoji takwimu rasmi hadharani kulikuwa kosa la jinai, kwa marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018; kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2019, kwa hiyo leo hakimzuii tena kijana anayeuliza Uyui ikoje ukiitenga na taifa. Zile tafiti kubwa zilizokuwa zikitupa takwimu za mkoa kila baada ya miaka kadhaa zimepoteza mfadhili wake mkuu. Kilichobaki kwa Urambo, Kaliua na Sikonge ni rejesta za vituo vya afya, wakunga wanaozijaza usiku, na vijana waliosomea namna ya kuzisoma. Wanaosema kazi imekwisha wamwombe Mganga Mkuu wa Wilaya awafungulie rejesta hizo, wazipitie kifo kwa kifo kama Kigoma ilivyofanya, kisha watuletee hesabu yao.